Kibarua Huyu ni wa Nani?

Kwenye daftari la mapokezi la hospitali moja hapa Tabora kuna safu ambayo sikuwahi kuitilia maanani hadi siku niliyompeleka mpwa wangu. Juu yake pameandikwa "Mwajiri". Kijana alikuwa anatetemeka kwa homa, meno yanagongana, na nesi akamuuliza kwa upole: mwajiri wako nani? Akataja jina la utani la nyapara. Nesi akatabasamu, akarudia swali. Akamtaja mtu mwenye Fuso linalowabeba alfajiri kwenda saiti. Mara ya tatu akataja kampuni ambayo jina lake limechapwa mgongoni mwa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kisha akajisahihisha mwenyewe: "Ila hao siyo wanaonilipa, mjomba." Nesi akairuka safu ile, akaenda kwenye safu ya malipo na kuandika "taslimu". Taslimu yenyewe ilitoka mfukoni mwangu.

Alikuwa na miezi 11 kwenye kazi hiyo. Siku 6 kwa wiki, saa 10 kwa siku, akibeba kokoto na nondo za watu wanaojenga kitu kikubwa kuliko nyumba zote za kata yetu zikijumlishwa. Ila kwa jinsi karatasi zilivyopangwa, hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2, 2023, vijiweni tulibishana juu ya mkulima na mama ntilie: watalipaje, nani ataitwa hana uwezo, nani atamlipia. Sehemu ya mwajiri ilipita kimya kimya, kana kwamba ilishamalizwa zamani. Sheria inamtaka mwajiri, awe wa umma au wa binafsi, amwandikishe mfanyakazi wake kwenye bima na achangie sehemu ya gharama. Kwa watumishi wa umma hilo si geni. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uanze kazi mwaka 2001, mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, serikali kama mwajiri ikaongeza 3 nyingine, na kadi ikamhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mwalimu wa Sikonge na karani wa halmashauri ya Uvinza hawahitaji kusimuliwa.

Mimi ni katika wanaoamini kwamba mwajiri mkubwa lazima achangie matibabu ya watu wake, na asichangie kwa hisani. Lakini nikiutazama mkoa huu pamoja na majirani zetu wa Kigoma, naona sheria inaweza kutekelezwa, kila fomu ikajazwa, kila mchango ukapelekwa kwa tarehe yake, na bado mpwa wangu akalipa taslimu. Tunabishana juu ya asilimia wakati kinachovuja ni maneno mawili: "mfanyakazi wake".

Watu wa Tabora tuna haki ya kulisemea hili kuliko wengi. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianzia Igunga kwa majaribio, miaka mitano kabla ya kutungiwa sheria yake mwaka 2001. Mkulima wa Igunga aliambiwa atoe mchango wa kaya yake mara moja kwa mwaka, na serikali itaongeza kiasi kama hicho juu yake. Utaratibu wa kuongezewa ukaitwa tele kwa tele. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Mapungufu ya mfuko huo tunayajua: wengi walijiunga walipougua na kuacha walipopona, na kaya nyingi hazikurudi kulipia mwaka wa pili. Lakini kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Kutoka 1996 hadi 2023 ni miaka 27. Kwa miaka 27 mtu wa jembe la mkono alikuwa anahimizwa na mtendaji wa kijiji achangie matibabu ya familia yake, huku mwenye vibarua 500 akiwa hajaguswa na sheria yoyote ya bima ya afya. Aliyewakatia watu wake bima alifanya hivyo kwa kupenda, au kwa sababu wenye mtaji waliko ng'ambo walitaka hivyo. Ni kweli NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imekuwa na fao la matibabu, lakini fao hilo ni la aliyeandikishwa NSSF, na kibarua wetu huko nako hayumo.

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wa Kasulu na Kibondo wanakumbuka utaratibu mwingine, au walisimuliwa na baba zao. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha mwaka 1944 ofisi yao ya kutafuta watu, SILABU, na Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, ikawa moja ya visima vyake vikubwa. Vijana wa Kigoma walipimwa afya, wakapewa namba, wakapandishwa treni kwenda kukata mkonge pwani. Ndiko lilikotoka neno manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30, kila siku alama yake. Na sheria ya mkoloni ilimtaka mwenye shamba ampe mtu huyo chakula, mahali pa kulala na matibabu.

Sikumbuki umanamba kwa hamu, nisieleweke vibaya. Matibabu yale yalikuwa ya kulinda mikono, na mikono ikichoka mwenyewe alirudishwa kwao na kifua chake. Ila utaratibu ule mbaya ulikuwa na kitu kimoja ambacho sisi tuliojitawala hatuna: kila namba ilikuwa na shamba lake. Mtu akianguka katikati ya mistari ya mkonge, hakuna aliyeuliza ni wa nani.

(Mjerumani aliyemtangulia Mwingereza alikuwa na habari za ajabu zaidi. Kansela wao, Bismarck, alipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883: mfanyakazi anatoa theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Reli ya Wajerumani ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mataruma yalipakiwa melini; sheria ilibaki Berlin.)

Leo mikoa hii miwili ina waajiri wakubwa kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Reli ya kisasa inapita kwetu pande tatu: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, na Tabora hadi Kigoma. Kule Sojo, wilayani Nzega, kimejengwa kiwanda cha kuvika ganda la kinga mabomba ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda kwenda Tanga. Uvinza kuna chumvi. Kasulu na Kibondo kumekuwa na kambi za wakimbizi, Nyarugusu ikianzia 1996, na mashirika yanayoajiri madereva, wauguzi, wapishi na walinzi. Ukiuliza "waajiri wakubwa ni nani" utapata orodha upesi. Uliza sasa "wafanyakazi wao ni nani", uone orodha inavyosinyaa.

Kwa sababu kazi haitolewi na mkubwa moja kwa moja. Mkandarasi mkuu humpa kazi mkandarasi mdogo, mdogo humpa mwenye mashine, mwenye mashine humwambia nyapara "niletee watu 20 kesho", na nyapara anakwenda kijiweni. Fedha hushuka ngazi hizo zote. Wajibu hubaki ngazi ya pili. Mlinzi je? Amekaa mlangoni pa benki usiku kucha na rungu na koti zito. Wanaofanya kazi ndani wana kadi nzuri za bima. Yeye ni wa kampuni ya ulinzi, na kampuni ya ulinzi ilipata zabuni kwa sababu ilitaja bei ya chini, na bei ya chini hupatikana wapi kama siyo kwake? Mfagiaji na mpishi wa kantini, hivyo hivyo.

Kuna kifungu ambacho kila kibarua angestahili kukariri kama sala. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya kadhaa: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kipato chake kinamtegemea huyo anayemfanyia kazi, anapewa vifaa vya kazi, anamfanyia mtu mmoja tu. Mpwa wangu saa zake 45 huzimaliza Ijumaa ya wiki ya kwanza. Kwa kifungu hicho yeye ni mfanyakazi mchana kweupe. Kifungu hakimalizi kazi, kwa sababu kinajibu kama yeye ni mfanyakazi na kinaacha ubishi wa wa nani kati ya wanne waliopanga foleni juu yake. Na wanne hao kila mmoja humwonyesha mwenzake.

Nije kwenye tumbaku, maana kuandika habari za ajira Tabora bila tumbaku ni kupika ugali bila unga. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa zao hilo nchini: Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui. Mkulima halimi tu akatafuta soko. Anaingia mkataba na kampuni ya ununuzi kupitia chama chake cha msingi kabla hajasia mbegu. Pembejeo zinakuja kwa mkopo. Maafisa ugani wanampitia. Kilo anazotakiwa kuleta zinajulikana, gredi zinajulikana, bei kwa miaka mingi imetajwa kwa dola. Siku ya soko, mkopo unakatwa kwanza, naye anapata kilichobaki, kama kimebaki.

Sasa chukua kile kifungu cha 61 ukiweke juu ya mtu huyo. Anapewa vifaa. Namna ya kufanya kazi inaelekezwa. Kipato kinamtegemea mnunuzi mmoja. Sisemi kwamba mahakama itamwita mfanyakazi wa kampuni. Mkulima ana shamba lake, ana hiari yake, na wengi wangekasirika kuitwa vibarua. Ninachosema ni kwamba mahusiano haya yanafanana na ajira kuliko yanavyofanana na duka na mteja, na hatari za kiafya zote zimeachwa upande mmoja. Mtu anayevuna majani mabichi ya tumbaku yenye umande nikotini humwingia kupitia ngozi: kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika. Halafu kuna moshi wa bani la kukaushia tumbaku, kuni usiku na mchana, na dawa za kupulizia zinazobebwa mgongoni na mtu aliyevaa fulana.

Na chini ya mkulima yupo mtu mwingine. Huyu hutoka mara nyingi Kigoma, anakuja msimu wa kuandaa mashamba na kuondoka baada ya kuvuna, analipwa mwisho wa msimu kwa makubaliano ya mdomo. Babu yake alipanda treni kwenda Tanga akiwa na namba. Yeye amepanda basi kuja Kaliua na hana hata hiyo. Mwajiri wake ni mkulima wa ekari tatu ambaye mwenyewe hana bima. Hapo ndipo wanaopinga huuliza kwa kejeli: basi unataka mkulima huyu achangie? Hapana. Anayeajiri watu wawili kwa jembe la mkono hawezi kubeba, na nadharia yoyote itakayomtwika yeye itaishia kumfanya amfiche kijana yule porini zaidi. NHIF iliwahi kuwa na mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima walio kwenye vyama vya msingi, na tumbaku ilikuwamo. Wazo halikuwa baya. Ila mlipaji alikuwa nani? Mkulima, tena. Mnunuzi hakuwamo kwenye picha.

Kumbe njia ya kumwingiza ipo, na tunaitumia kila soko linapofunguliwa. Mnunuzi wa zao la biashara hulipa halmashauri ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei ya shambani. Urambo na Kaliua huendesha mambo yao kwa fedha hiyo. Mezani penye mzani pana karatasi, pana kilo, pana jina la chama, pana jina la mnunuzi. Ukitaka mnunuzi mkubwa achangie afya ya watu waliolima tumbaku yake, wakulima na vibarua wao, huhitaji kuunda idara mpya. Unahitaji mstari mmoja zaidi kwenye karatasi ileile, na fedha yake iende bima badala ya kwenda kwenye posho za vikao. Mimi ningeanza na nusu asilimia, juu ya ushuru uliopo, nikatazama.

Watasema mnunuzi ataishusha bei ili aifidie. Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuipita nikipiga mluzi. Wachumi wamelisema tangu zamani kuhusu michango yote ya mwajiri: anayeandika hundi siye lazima anayelipa. Mwajiri akiongezewa asilimia 3, anaweza kuchelewesha nyongeza ya mshahara mpaka zile 3 zirudi, na mwisho wa yote mfanyakazi ndiye aliyelipa bila kujua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwajiri ana ujuzi wa kuubadilisha mzigo wake uwe wa mwenzie. Nakubali kwamba kwa mhasibu wa kampuni mwenye mshahara mnono huenda mambo yakaishia hivyo. Lakini kwa mtu wa chini kabisa, anayelipwa kima cha chini kilichowekwa kwa amri ya serikali, mshahara hauna pa kushukia. Na hata pale sehemu ya mchango inaporudi kwa mfanyakazi, kuna tofauti kati ya kukatwa shilingi chache kila siku ukiwa mzima na kudaiwa laki mbili usiku mmoja ukiwa mahututi. Bima ni hiyo tofauti.

Tuiweke kwenye namba. Mtu wa mshahara wa 300,000 kwa mwezi, kwa mchango wa asilimia 6 unaogawanywa nusu kwa nusu, mwajiri anatoa 9,000. Gawa kwa siku 26 za kazi: shilingi 346 kwa siku. Bei ya chapati, na siku hizi siyo kubwa. Kwa vibarua 500 ni milioni 4.5 kwa mwezi, milioni 54 kwa mwaka. Kwa mradi unaohesabiwa kwa matrilioni, nadhani mtu anayelia juu ya kiasi hicho ana jambo jingine linalomliza.

Ila nusu ya kilio chao ni ya kweli. Mwajiri rasmi tayari anatoa NSSF, kwa kawaida asilimia 10. Akiwa na watu kuanzia 10 anatoa tozo ya ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara yote. Anatoa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nusu asilimia. Hiyo ni 14 kabla ya bima ya afya; ongeza 3, ni 17. Anayeajiri kwa uwazi anabeba zote, anayeajiri kupitia nyapara habebi hata moja, kisha wote wawili wanakutana kwenye zabuni moja. Nashangaa kwamba waajiri waaminifu hawapigi kelele kuliko mimi. Kama serikali inataka kuwapunguzia, ile tozo ya ujuzi imeshashuka kutoka 4 hadi 3.5 mwaka 2023, na inaweza kushuka tena ili nafasi ichukuliwe na afya. Sioni ubaya.

Na wasituambie kwamba mfuko wa fidia unatosha. Ule ni wa anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, na mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia, jambo ambalo ni sahihi. Homa ya mpwa wangu haikutokana na kokoto. Mke wake akijifungua, si ajali kazini.

Wamarekani wamelipigania jambo hili muda mrefu kuliko sisi, na makosa yao yana mafunzo ya bure. Bunge la jimbo la Maryland lilipitisha sheria kwamba mwajiri mwenye watu zaidi ya 10,000 ndani ya jimbo atumie angalau asilimia 8 ya jumla ya mishahara kwa afya ya wafanyakazi, ama tofauti yake aipeleke kwenye mfuko wa serikali wa kutibu wasio na uwezo. Waliofikia kimo hicho walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mtu alijua kwamba aliyelengwa ni Walmart. Gavana aliikataa, Januari 2006 wabunge wakaipitisha juu ya kichwa chake, Julai mwaka huohuo mahakama ya shirikisho ikaitengua kwa kuwa iligongana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu mafao ya wafanyakazi. Rufaa nayo ikashindwa mwaka uliofuata.

Sheria ilikufa, lakini hoja iliyoizaa naipenda mno. Ilikuwa hii: mwajiri asiyelipia matibabu hajaokoa gharama, ameihamisha. Mtu wake ataugua tu, na atatibiwa na mtu mwingine, iwe ni hazina ya serikali, hospitali itakayoandika deni lisilolipika, au ndugu. Siku ile dirishani mimi ndiye niliyekuwa mfadhili wa mradi. Nilimpa ruzuku mkandarasi ambaye simjui na ambaye hata hakunishukuru.

Hawaii walikwenda njia nyingine mwaka 1974: mwajiri lazima amkatie bima anayefanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki. Sheria ipo hadi leo na imefunika watu wengi, ila watafiti wameona ajira za chini ya saa 20 zikiongezeka. Sheria ya afya ya Obama ya mwaka 2010 ikachora mistari miwili, wafanyakazi 50 na saa 30. Ukichora mstari, kuna watakaosimama nusu hatua nje yake. Huku kwetu mstari wa tozo ya ujuzi ulikuwa watu 4, mwaka 2021 ukasogezwa hadi 10, na sihitaji kumaliza sentensi hii kwa mtu aliyewahi kuona kampuni moja yenye leseni tatu.

Majirani? Kenya, tangu Oktoba 2024, inamkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mwajiri kazi yake ni kukata na kupeleka tu. Yeye mwenyewe hatoi kitu. Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, wafanyakazi wenye bima ya ajira hugawana na mwajiri asilimia 15, nusu kwa nusu. Mfano wa Kenya ni rahisi kwa mwajiri na siutamani.

Kwa hiyo badala ya kuuliza kampuni ina watu wangapi kwenye orodha yake ya mishahara, ningeuliza kazi ni ya nani. Aliye juu kabisa ya ngazi, mwenye mradi au mkandarasi mkuu, awajibike kwa mchango wa kila mtu anayeingia kwenye geti lake, hata kama analipwa na mwingine wa tano kwa kushuka. Akitaka kumkata mkandarasi mdogo, wakatane wao kwa wao, wana wanasheria. Kwa miradi ya fedha za umma hili halingojei hata sheria mpya. Serikali ndiyo mlipaji. Hati ya malipo ya kila mwezi isisainiwe mpaka iambatane na orodha ya watu waliokuwapo saiti na uthibitisho wa michango yao. Makandarasi wanajua kupeleka picha za zege na vipimo vya udongo ili walipwe. Watajua kupeleka na majina. Benki na mashirika yanayokodi walinzi waandike kwenye zabuni zao gharama ya bima kama kifungu kisichoshindaniwa bei.

Na mchango uende kwa mtu, usiende kwa kazi. Kadi iliyofungwa kwenye ajira hufa na ajira, na ajira za huku zina tabia ya kufa. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride kule Nzega ulifunguliwa mwaka 1998 na miaka 15 baadaye uchimbaji ukafikia mwisho. Reli nayo itakwisha kujengwa. Kibarua leo yuko kokoto, kesho tumbaku, keshokutwa Kibirizi anapakua dagaa. Tumrudishie basi kipande, safari hii kikiwa chake. Namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, iwe ndiyo kipande: kila siku aliyofanya kazi, popote, kwa yeyote, 346 ya mwajiri na yake mwenyewe ziingie kwa simu, siku zikihesabika. Zikifika idadi iliyowekwa kwa robo mwaka, kadi yake na ya familia iwe hai kwa robo inayofuata. Siku alizopungukiwa ajazie mwenyewe, au serikali ijazie kama ilivyowahi kujaza tele kwa tele kule Igunga. Teknolojia hiyo tunayo. Tunaitumia kununulia umeme.

Upande wa tumbaku, mikataba husainiwa kabla ya vitalu. Vyama vya msingi vikikaa na wanunuzi kupanga kilo na bei ya msimu ujao, huo ndio wakati wa kuuweka mezani ule mstari wa nusu asilimia, siyo Mei wakati mzani umeshawekwa na mkulima anachotaka ni fedha yake aende nyumbani.

Mpwa wangu alipona, akarudi kazini, na sasa amehamia saiti nyingine. Nyapara ni yuleyule, Fuso ni lilelile, kizibao kipya ni cha kijani. Nilimpigia simu juzi kumuuliza ni jina gani limeandikwa mara hii. Akasema hajalisoma bado, mjomba, liko mgongoni.